Nani Ameshika Ufunguo wa Kabati?



Juzi usiku hapa Bagamoyo tulitundika shuka jeupe ukutani tukaitazama senema iitwayo "Soul Power". Ni picha ya James Brown, mwimbaji wa soul wa Marekani, na wenzake, katika tamasha la Kinshasa la tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974. Vijana walicheza. Wazee wawili wa Kaole walitikisa vichwa kwa kukataa, lakini miguu yao tuliiona inagonga chini.

Ilipokwisha, mwenzetu mmoja akasimama akasema tumepoteza usiku kwa kasumba. Hapana! Neno hili twalijibu, maana si jipya. Mwaka 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku soul Dar es Salaam. Ulikuwa ndio mwaka wa Operesheni Vijana, vijana wa TANU walipopambana na sketi fupi na suruali za kubana. Wale walikuwa wazalendo na nia yao twaiheshimu, ila walibisha mlango usio wao. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1968, Brown alitoa wimbo wa kuwataka watu weusi waseme kwa sauti kwamba wanajivunia ngozi yao. Kasumba gani hiyo? Mjukuu wa watumwa asemaye hivyo mbele ya wanaomdharau ni ndugu yetu, ijapokuwa waliopitishwa Bagamoyo wengi walivushwa Unguja na ng'ambo ya Bahari ya Hindi, si Marekani.

Ubaya haumo katika ngoma. Ulizeni nani ameshika ufunguo wa kabati.

Tamasha lile lilikuwa la kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lililosogezwa hadi 30 Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho. Mobutu, aliyehubiri uasili wa Kiafrika hata akawavua watu majina ya Kikristo, alitoa nchi iwe ukumbi. Jukwaani walipanda Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti, na Miriam Makeba. Mikanda ikaenda zake, ikakwama katika mabishano ya fedha. Senema ya pambano ikatoka 1996. "Soul Power" ikatoka 2008, na humo wenyeji wanapita upesi kama wageni. Na sahani ya wanamuziki wa Kiafrika? Mwaka 2017, miaka 43 baada ya kuimba! Franco alikwisha kufa 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, Tabu Ley 2013. Hakuna hata mmoja wa hao wanne aliyeishika mkononi.

Msiwacheke Wakongo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, leo chaitwa TaSUBa, na tamasha lake linajulikana mbali. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia hapa na zeze lake na marimba yake, alifariki 2003. Atakaye kumsikia leo aagize sahani ya Real World kutoka Uingereza. Mwaka uleule wa 2008 Mmarekani Béla Fleck alitoa senema, akaipa jina kwa maana ya mji wetu, bwaga moyo. Yeye hatumlaumu, alikuja na banjo yake akaketi na wenyeji wakapiga pamoja. Twajilaumu sisi. Tumesimamia ngoma za vijana Mlingotini mara ngapi, wageni wakapiga picha mpaka jua likazama, nasi tukabaki na vumbi na viti vya kurudisha? Hata jina la mpiga picha hatukuliandika.

Basi katika mkutano ujao wa tawi tutaleta azimio. Atakaye kupiga picha ngoma ya wilaya hii aandikiane na wachezaji kabla ngoma haijaanza, awalipe, na nakala nzima ibaki Bagamoyo, mahali ambapo mtoto wa shule aweza kuingia akaitazama bila kuomba barua kwa mtu. Mwenye kupinga aje na hoja. Neno kasumba tumekwisha kulisikia.