Hongera ya Unene

Ndugu msomaji, naanza na habari za paka, na najua wapo watakaocheka. Wacheke, lakini wasome hadi mwisho.

Paka wetu aliitwa Mstaafu. Mwanangu alitushushia kutoka Dar es Salaam, dume aliyekwisha kuhasiwa, mwaka ule ule nilipoacha kazi ya ualimu mkuu. Alifika Tandahimba akiwa mwembamba na mwindaji hodari; panya waliozoea kutoboa magunia yetu ya korosho walimtambua mapema. Lakini nyumba ya wazee ina mikono mingi ya kulisha. Mke wangu alimpa ugali wa muhogo uliolowekwa mchuzi. Wajukuu walimpa maandazi yaliyochovywa katika chai ya maziwa. Mimi nami, nikila barazani, nilimtupia kichwa cha samaki nikajiona mtu mwema. Miaka ikapita, tumbo likashuka mpaka likawa linafagia uwanja. Kila mgeni alitusifu: "Mwalimu, nyumba hii ina neema, hata paka ana kitambi!" Nasi tukafurahi.

Dalili ya kwanza ilikuwa maji. Aishiye juu ya uwanda huu wa Makonde anajua bei ya ndoo moja, kwa hiyo mama watoto ndiye aliyegundua kwamba bakuli lililojazwa asubuhi lilikuwa kavu kabla ya adhuhuri. Mkojo nao ukazidi. Akawa anakula kuliko zamani, huku mifupa ya mgongo ikianza kuonekana. Mwishowe miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa kukanyagia visigino.

Jirani alisema paka karogwa. Mtaalamu mmoja wa mifugo niliyemwendea alicheka, akasema, "Mwalimu, mtupe huyo, chukua mwingine." Simlaumu kwa kukosa dawa. Namlaumu kwa kicheko. Jioni ile nilitoa kipimo changu cha sukari, maana nami ninao ugonjwa huo, jambo nililokuwa nikiwaficha hata wanangu. Nikamchoma paka ukingoni mwa sikio. Kipimo kikasoma 26. Paka akiogopa, sukari yake hupanda. Nikangoja hadi kesho yake akiwa amejilalia kivulini. Kikasoma 24.

Sasa nije kwa wenye kucheka.

Wapo wasemao kwamba kisukari ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, hivyo kisukari cha paka ni mzaha juu ya mzaha. Nawauliza: tulijuaje kwamba ugonjwa huu watokana na kongosho? Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akaanza kukojoa mkojo wenye sukari. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini kwa kuwafanyia mbwa majaribio, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, insulini ya binadamu ilikamuliwa kutoka kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mnyama alipotuponya hakuwa mzaha. Iweje awe mzaha anapougua?

Wengine husema, "Lakini tulimpa chakula kizuri kwa mapenzi." Nami nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba paka ni mla nyama. Mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama na samaki, wala haukuumbiwa rundo la wanga. Akinenepa, mwili huacha kuisikia insulini, kongosho hulazimika kufanya kazi maradufu, na mwisho huchoka. Dume aliyehasiwa, mwenye kushinda amelala, ndiye aliye hatarini zaidi. Tena mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba paka hana uwezo wa kuonja utamu, kwa kuwa kinasaba chake cha kazi hiyo hakifanyi kazi. Basi sukari ya maandazi yale haikuwa raha yake hata kidogo. Raha ilikuwa yetu sisi tuliompa.

Ipo hoja ya tatu, na hiyo naiheshimu: kwamba watu wenyewe hawana dawa za kutosha, hivyo kumzungumzia paka ni dhihaka kwa wagonjwa. Ni kweli, paka mwenye kisukari hudungwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na akidungwa bila kula sukari huweza kushuka hata akafa. Sikuthubutu kumkisia dozi kutoka chupa yangu bila daktari wa wanyama wa kuniongoza. Mstaafu alikufa wiki ya tatu, nasi tukamzika chini ya mkorosho.

Lakini kinga ingetugharimu nini? Ingetaka mizani na kijiko tu. Panda kwenye mizani umembeba paka, kisha panda peke yako, halafu utoe. Wetu, alipokuwa katika fahari yake, alifika kilo 7 na nusu. Paka wengi hutosheka na kilo 4 au 5. Kijiko ni cha kupimia dagaa, na mlishaji awe mmoja. Umpunguzie kidogo kidogo, usimfungishe, kwa sababu paka mnene asipokula siku kadhaa ini lake hujaa mafuta, naye huweza kufa. Akiwahiwa, akatibiwa na kubadilishiwa chakula, yuko anayepona kiasi cha kuachishwa sindano.

Wananchi wenzangu, msimu wa korosho ukifika twasimama ghalani tukibishana na karani juu ya nusu kilo. Twaijua mizani ile kuliko tuwajuavyo wakwe zetu. Lakini kilo zetu wenyewe nani anazijua? Fedha zikiingia huja soda, chipsi na sukari vijiko vinne katika kikombe, na baada ya miezi michache twapeana mkono: "Hongera, umenenepa!" Mimi niliyesomea Chuo cha Ualimu Mtwara, nikafundisha watoto makundi ya vyakula kwa zaidi ya miaka 30, nilizipokea hongera hizo kwa tabasamu, huku nyayo zangu zikifa ganzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Paka hakuficha, mimi ndimi niliyeficha.

Jioni tuliyomzika niliwaita wanangu nikawaeleza. Kesho yake nilikwenda hospitali nikiwa na daftari la vipimo, kama mwanafunzi. Tangu hapo nimepungua kilo 9.

Sasa tuna paka mwingine, jike, naye halijui andazi. Mjukuu wangu mdogo hulalamika, "Babu, unamnyima." Humpa kijiko ampimie dagaa mwenyewe. Na mgeni akija akanipa hongera ya unene, simjibu asante. Namwonyesha mizani iliyo nyuma ya mlango, namwomba apande yeye kwanza.