Viti vya Ngozi vya Gari Kuukuu

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunaungama kosa letu, ili nanyi mpate kujifunza.

Usiku mmoja tulimpeleka hospitali jirani mwenye uchungu wa kuzaa, kwa gari ambalo baba watoto aliachiwa na marehemu baba yake. Mtoto alizaliwa salama, lakini kiti cha nyuma kilichafuka. Asubuhi, kwa mazoea ya wodini, tulikisugua kwa maji ya moto na dawa yenye klorini. Baada ya miezi michache ngozi ilikakamaa na kupasuka. Baba watoto hakusema neno. Ukimya ule ulituuma kuliko karipio.

Ngozi ni nyuzinyuzi za protini, na kiwandani hutiwa mafuta ili ilainike. Jua huikausha, klorini huila kabisa.

Kwanza, hakikisheni ni ngozi kweli. Chunguzeni upande wa chini wa kiti. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama upande wa ndani wa mkanda. Ya plastiki ina kitambaa nyuma yake, nayo hailainiki kwa mafuta.

Pili, ondoeni vumbi kwa brashi laini. Panguseni kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri katika maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, kisha kwa kitambaa chenye maji safi. Acheni kiti kikauke kivulini.

Tatu, pakeni mafuta ya kutunzia ngozi, hasa yenye lanolini. Haya hutoka katika sufu ya kondoo, na yakisafishwa sana hupakwa hata chuchu zilizopasuka za mama anyonyeshaye. Jaribuni kwanza mahali pasipoonekana. Pakeni kidogo, yaacheni usiku kucha, panguseni yaliyobaki, kisha rudieni baada ya juma moja. Ngozi iliyokauka msiikunje wala kuikalia kabla haijalainika, maana itachanika.

Msitumie mafuta ya kupikia, kwani huchacha na kunasa vumbi. Wala msipake rangi ya viatu. Itahamia kwenye nguo zenu.

Tuseme kweli: ufa haufungi tena. Mafuta hulainisha kilichosalia tu. Palipotoboka, fundi ataweka kiraka kwa ndani.

Kazi ile ilituchukua Jumamosi nne. Jumamosi ya pili baba watoto alikuja na kitambaa chake, akaanza kupangusa upande wa pili. Hapo ndipo tulipoomba msamaha, naye akatupa.

Siku hizi ndani ya gari kuna karatasi la nailoni na kitenge cha zamani, vya kutandika tukimbeba mgonjwa. Yule Msamaria mwema alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, damu na yote. Basi tuvitunze vitu vyetu, wapendwa, lakini tusivitunze hata jirani akaogopa kutugongea mlango usiku.