Taa ya kijani si ushahidi kwamba kengele ya moto italia

Bweni likiungua nchini kwetu Tanzania, maswali huwa mawili: nani kawasha moto, na gari la zimamoto lilikuwa wapi. Yote mawili ni ya haki, lakini kwa watu wa Masasi na Newala hayatoshi. Juu ya Uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu zamani. Wakazi wengi wanategemea mradi wa maji wa Makonde, ambao tangu enzi za ukoloni unayasukuma kwa pampu kutoka bondeni Mitema, na umeme ukikatika pampu husimama. Gari la zimamoto hata likiondoka kituoni dakika ileile simu ya 114 inapopokelewa, lina barabara ndefu mbele yake hadi shule ya kijijini, na tangi lake likikauka halina uhakika wa pa kujazia. Kwa hiyo moto wa huku unadhibitiwa ungali godoro moja linalofuka moshi, au haudhibitiwi kabisa. Ndiyo maana nasema kitu cha kwanza ambacho bweni, wodi na ghala la korosho vinahitaji ni kengele ya moto inayofanya kazi. Na kengele hiyo haiwezi kufanya kazi bila fundi aliyefundishwa kazi hiyo hasa, si fundi umeme aliyeombwa aijaribu kwa kuwa ana bisibisi na mita.

Tazama misiba tunayoikumbuka. Shauritanga, Rombo, Juni 1994: wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020: watoto 10. Kwa majirani zetu wa Kenya, Bombolulu kule Kwale mwaka 1998 walikufa wasichana 26, Kyanguli kule Machakos mwaka 2001 wavulana 67, na Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Vyanzo havikufanana; pengine ulitajwa mshumaa, pengine mkono wa mtu. Saa ndiyo iliyofanana: mioto yote hiyo ilikuja usiku, watoto wamelala. Aliyelala haamshwi na harufu ya moshi kama wengi wetu tunavyodhani. Pua nayo imelala, na hewa ya sumu iliyomo ndani ya moshi humzidishia usingizi. Kinachomwamsha ni sauti, tena sauti kubwa. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huzifuata, zinataka mlio wa chumba cha kulala ufikie desibeli 75 pale kichwa kinapolalia mto. King'ora kilichofungwa kwenye korido, mlango ukiwa umefungwa, mara nyingi hakifikishi kiwango hicho kitandani.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza kutofautiana na kufunga taa na soketi. Mfumo wa kawaida una paneli ya volti 24 ukutani. Kutoka kwenye paneli zinatoka nyaya mbili zinazopita kwenye kitambua moshi kimoja hadi kingine, na kwenye kile cha mwisho kabisa hufungwa rezista ndogo, isiyozidi urefu wa punje ya mchele. Paneli hupitisha mkondo mdogo wa umeme humo usiku na mchana. Mkondo ukirudi kwa kipimo kile kinachowekwa na rezista, paneli inajua waya ni mzima. Ukikatika, inawasha taa ya hitilafu. Ukipanda ghafla kwa sababu kitambua moshi kimeshtuka, inapiga kengele. Usalama wa bweni zima unategemea rezista hiyo kukaa mwisho wa waya, mahali pa mbali kuliko pote.

Fundi aliyezoea nyumba hachoti maarifa haya popote. Amezoea kuchukua tawi la waya popote panapomfaa, taa ikiwaka kazi imekwisha. Kwenye kengele ya moto, tawi la namna hiyo halilindwi na kipimo cha paneli. Panya akiling'ata leo, vitambuzi vilivyo upande ule vimekufa na paneli haitasema neno. Lipo kosa baya zaidi, na mafundi wa kazi hii wanalijua vizuri. Taa ya hitilafu inawaka, fundi anatafuta palipokatika hapaoni, jioni imeingia na mwenye kazi anataka kukabidhiwa. Basi anaitoa rezista mwisho wa waya na kuifunga ndani ya paneli yenyewe. Taa inakuwa ya kijani papo hapo, mkuu wa shule anatia saini na hela inalipwa. Tangu siku hiyo paneli inajipima yenyewe, na waya wote uliokwenda bwenini unaweza kung'olewa bila mtu kujua. Mfumo wa hivyo ni hatari kuliko kutokuwa na mfumo, kwa kuwa matroni na mlinzi wanalala wakiutegemea.

Na huku kwetu kuna mambo ambayo kitabu kilichoandikwa Ulaya hakimfundishi mtu. Kitambua moshi kinachotumia mwanga hakijui tofauti ya moshi na vumbi laini. Vyote hutawanya mwanga ndani yake. Vumbi jekundu la kiangazi, na unga wa salfa unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, vinaweza kuingia humo na kuipigisha kengele saa nane za usiku bila moto wowote. Ikilia hivyo mara tatu, mtu atakiziba kwa mfuko wa plastiki, na hapo tumerudi tulikotoka. Fundi anayejua atakisafisha kabla na baada ya msimu wa kupuliza. Jikoni penye kuni atafunga kitambua joto badala ya kitambua moshi. Kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, penye magunia ya korosho na pengine salfa, atakumbuka kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayoshika moto vizuri na kwamba salfa ikiungua hutoa gesi inayokaba pumzi, kwa hiyo king'ora kilie nje alipo mlinzi, kwani ndani hakuna wa kukisikia. Betri nazo zinahitaji jicho. Mtwara na Lindi zimeishi miaka mingi kwa mitambo ya gesi ya Mtwara, na kukatika kwa umeme tunakujua. Paneli inapaswa kukaa saa 24 kwa betri peke yake na bado iweze kulia nusu saa. Betri ambazo hazijabadilishwa tangu jengo lizinduliwe haziwezi kazi hiyo.

Watakaopinga wana hoja, na ya kwanza ni gharama. Shule yenye uhaba wa madawati itanunua paneli kwa fedha gani? Jibu langu ni kwamba si kila jengo linahitaji paneli. Bweni dogo linaweza kuanza na vile vitambuzi vinavyojitegemea, vyenye king'ora na betri ndani yake, ambavyo kimoja kikilia huvishtua na vingine vyote. Pesa inayopotea kweli ni ile inayolipwa kwa mfumo mkubwa uliofungwa ovyo. Wengine watasema mlinzi na kipande cha reli cha kugongwa vinatosha. Simdharau mlinzi, tena ni yeye atakayewatoa watoto. Lakini mlinzi yuko nje, na moto akiuona yeye umeshatokea dirishani.

Hoja nzito kuliko zote ni hii: kengele haifungui mlango. Kweli tupu. Bombolulu na Kyanguli watoto walikwamishwa na nondo za madirisha na milango iliyofungwa. Sitaki kengele iwe kisingizio cha kuacha kufuli pale ilipo. Lakini tujiulize kufuli ile iliwekwa kwa nini. Iliwekwa kuzuia wezi na watoro, na kazi hiyo fundi wa kengele anaweza kuifanya bila kumfungia mtoto yeyote ndani. Swichi ndogo ya sumaku kwenye fremu ya mlango humwambia matroni papo hapo kwamba mlango wa nyuma umefunguliwa usiku. Mlango ukabaki na komeo la kufungua kwa ndani, bila ufunguo. Kwa hiyo anayejifunza kengele za wizi na anayejifunza kengele za moto wawe mtu mmoja, kwa sababu mafundi wa kazi hizi mbili wasipozungumza, mmoja hufunga njia ambayo mwenzake anataka watu watokee. Hilo ningependa lifundishwe siku ya kwanza darasani, kabla ya somo lolote la waya.

Darasa lenyewe halihitaji kujengwa upya. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mtwara, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo Masasi na Newala. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limepewa na sheria ya mwaka 2007 mamlaka ya kukagua majengo. Kinachotakiwa ni kozi fupi juu ya ujuzi wa umeme ambao kijana tayari anao: ubao wenye paneli moja, vitambuzi vichache, na mwalimu anayeficha hitilafu ili mwanafunzi aitafute kwa mita hadi aione. Kisha halmashauri ziweke sharti kwamba hakuna bweni litakalopokelewa bila jina na saini ya fundi aliyepita kozi hiyo, na ndani ya paneli kuwe na daftari la majaribio ya kila wiki. Kijana wa Mkunya au Nanyamba akipata cheti hicho, atakuwa na kazi ya kudumu, maana mfumo wa kengele hauachwi ukishafungwa. Unarudiwa, unapimwa, unasafishwa.

Kozi hiyo itachukua muda kuanza. Wakati tunaisubiri, namwomba kila mkuu wa shule na kila meneja wa chama cha msingi afanye jambo moja siku ya makabidhiano. Mwambie fundi apande ngazi mbele yako akitoe kitambuzi cha mbali kuliko vyote. Paneli isipoonyesha hitilafu ndani ya dakika mbili, kuna jambo limefichwa. Akishakirudisha, mwambie azime meni swichi, kisha abonyeze kitufe cha dharura, nawe uwe umesimama kwenye kitanda cha mwisho bwenini ukisikiliza. Kengele isipolia kwa nguvu, usitie saini na usilipe.