Mbuzi Kwanza, Ngamia Baadaye

Je, umewahi kumwona mtoto akiondoka kwenye kompyuta machozi yakimlengalenga? Mimi nimemwona. Ni mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari mjini Garissa. "Mjomba, sina kichwa cha mambo haya," aliniambia.

Alikuwa amepewa zoezi la wanaoanza kuandika programu: kuficha maneno kwa kusogeza kila herufi mbele hatua tatu. A huwa D, B huwa E, na kadhalika. Julius Caesar wa Roma aliitumia njia hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Programu yake ilipimwa kwa majaribio kadhaa. La kwanza kabisa lilikuwa sentensi nzima yenye herufi kubwa na ndogo, nafasi, koma na tarakimu. Ikafeli. Akarekebisha hapa, ikafeli. Akarekebisha pale, ikafeli tena. Kosa liko wapi? Jaribio lenyewe halikumwonyesha.

Waama, tatizo kubwa lilikuwa mpangilio. Wafugaji wa Kaskazini Mashariki wanalielewa jambo hili. Mtoto hukabidhiwa mbuzi na kondoo kwanza. Ngamia huja baadaye, akishakomaa.

Basi tuliketi tukayapanga majaribio upya. Kwanza herufi moja: A itoe D. Pili neno fupi: FAFI itoe IDIL. Yote mawili yakapita, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni hiyo.

Tatu tukaweka LAFEY, jina la mji ulio Mandera, ambalo linapaswa kutoa ODIHB. Hapo programu ikakwama. Lakini sasa tulijua pa kutazama, kwani herufi iliyo karibu na mwisho wa alfabeti ilikuwa Y. Hiyo ni herufi ya 25. Ukiongeza 3 unapata 28, ilhali alfabeti hii ina herufi 26 tu. Dawa ni kutoa 26, ibaki 2, yaani B. Mpwa wangu aliligundua hilo mwenyewe.

Nne tukajaribu WAJIR BOR, itoe ZDMLU ERU, nafasi ikibaki mahali pake. Kisha zikafuata herufi ndogo, halafu tarakimu na koma. Ile sentensi iliyomliza ikawa ya mwisho, nayo ikapita bila taabu.

Mzazi mwenzangu, mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu katika shule za msingi na sekondari. Huenda siku moja mwanao akarudi nyumbani amevunjika moyo vivyo hivyo. Usikimbilie kumwambia ajitahidi zaidi. Muulize: "Jaribio dogo kabisa ni lipi?" Aanzie hapo, na kila jaribio linalofuata lilete jambo jipya moja tu. Likifeli, atajua sababu.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kusema huna kichwa, tazama kwanza kama hukupewa ngamia kabla ya mbuzi.