Bukavu: moratwari ya minervali haiombwi kwenye dirisha la kesiye

Kila mara mitihani ya semestri inapokaribia, mambo ni yale yale mu vyuo vikuu vya Bukavu. Foleni mbele ya biro ya fedha inakuwa ndefu. Kuna waliokuja na pesa, kuna waliokuja na masikitiko tu. Mwenye deni la minervali anajua kinachomngoja: jina lake linaweza kukosekana kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihani.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serkali, na tangu Septemba 2019 serkali ilianza kutekeleza jambo hilo. Lakini bure hiyo haifiki chuo kikuu. Huko mzigo ni wa mzazi. Bursi ambazo serkali ya Zaïre ilikuwa inawapa wanafunzi zimebaki masimulizi ya wazee. Programu ya Excellentia ya fondasio ya Mke wa Rais inachukua waliopata pointi za juu sana kwenye mtihani wa serkali, kwa hiyo haiwezi kugusa wengi.

Juu ya hayo kukaja vita. Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga milango. Mwalimu ambaye mshahara wake ulipitia benki alijikuta anavuka hadi Kamembe, ngambo ya Rwanda, kutafuta pesa yake, ao anaitoa kwa simu na kukatwa asilimia. Mama anayeuza sambaza soko la Kadutu anapata franka kidogo kidogo, lakini minervali mara nyingi inahesabiwa kwa dola, na inadaiwa kwa tarehe moja.

Hapo ndipo moratwari inaingia, maana yake ruhusa ya kulipa polepole. Wanafunzi wengi wanaikosa kwa sababu wanagonga mlango usio wenyewe. Wanagombana na kesiye, na huyo kazi yake ni kupokea pesa na kuandika risiti tu. Hana uwezo wa kusogeza tarehe. Mu vyuo vya serkali, mambo ya fedha yako mikononi mwa msimamizi wa bajeti, yule wanaita AB, ambaye ni mmoja wa komite ya uongozi pamoja na rekta ao mkurugenzi mkuu na masekretere jenerali. Barua inapaswa kuelekezwa huko.

Barua yenyewe nayo ina uzito wake. Ile inayosema tu « wazazi wangu ni masikini » inafanana na zingine mia zilizo kwenye meza. Inayosaidia inaonyesha kiasi kilichokwisha kulipwa, kiasi kinachobaki, na tarehe ambayo kila sehemu italipwa. Inaambatana na kopi za risiti. Inapelekwa wiki kadhaa mbele ya mitihani, na mwanafunzi anarudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, siku ya mabishano hana la kuonyesha. Risiti pia isitupwe hata kama mwaka umeisha, kwa maana deni la zamani linaweza kufufuka siku ya kuomba karatasi ya pointi.

Yule wa kwenye korido anayesema « leta kitu kidogo, nitakupangia » hatoi risiti. Pesa yake haipunguzi deni hata franka moja.

Lakini haki haitegemei mwanafunzi peke yake. Kama masharti ya moratwari hayajabandikwa ukutani, anayefaulu ni yule mwenye mjomba ndani ya nyumba, na mtoto wa muuza sambaza anabaki nje. Chuo nacho kina shida zake: kinaishi sana kwa pesa ya wanafunzi, na walimu wanangoja kulipwa. Ndiyo maana sheria inayojulikana na wote ingesaidia pande zote mbili. Chuo kingejua pesa itaingia lini, na mzazi angejua atafute kiasi gani kabla ya tarehe gani.

Kwa sasa, anayesubiri wiki ya mitihani ndipo aandike, mara nyingi amekwisha kuchelewa.