Tudai Saizi Nzima ya Tairi Kwenye Risiti

Ingia duka lolote la matairi, Kariakoo, Mwanza au Mbeya, useme unataka tairi la gari dogo. Swali utakaloulizwa ni moja: "Rimu ngapi, bosi?" Ukishajibu kumi na tano, mazungumzo yanahamia kwenye bei. Tairi linashushwa, linagongwa kwa kiganja, unahakikishiwa kwamba ni jipya, na muda si mrefu fundi ameshalifunga. Hakuna aliyefungua mlango wa dereva kuangalia gari lenyewe linataka tairi gani.

Ndugu zangu wenye magari, madereva, mafundi na wauza matairi, nawaandikia kwa ajili ya hilo. Namba ya rimu ni kipande tu cha saizi, nasi tumeigeuza kuwa saizi yote. Ni sawa na kuuziwa dawa kwa rangi ya kidonge. Zoea hili linaua watu, na tunaweza kuliacha bila kusubiri bajeti ya serikali wala mradi wa mfadhili.

Chukua Noah, gari ambalo karibu kila mtaa unalo. Noah nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 195/65R15 91. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 127. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ndiyo rimu, kwa inchi. Halafu inakuja 91, namba ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuitupia jicho. Hiyo ni alama ya uzito: tairi lenye 91 linaweza kubeba kilo 615 likiwa na upepo wake sawasawa. Herufi inayofuata inaonyesha mwendo ambao tairi linauhimili. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210.

Sasa muuzaji hana 195/65, ana 195/60R15. Rimu ni ileile, upana ni uleule, linaingia bila kusumbua, na pengine bei yake ni nafuu. Nani atakataa? Lakini tairi hilo kwa kawaida limeandikwa 88, na 88 ni kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwa kila tairi, kilo 220 kwa gari zima. Hao ni watu wazima watatu. Na Noah ya kwenda msibani Singida haiendi na watu watatu pungufu. Inaongezwa wawili, na gunia la mchele nyuma.

Tairi lililozidiwa halilalamiki. Linajikunja ubavuni kila linapogusa lami, kujikunja huko kunazaa joto, na joto linaachanisha mpira na nyuzi taratibu. Dereva hasikii kitu. Jua la mchana kati ya Chalinze na Segera linaongeza lake, upepo pungufu unaongeza wake, halafu tairi linapasuka gari likiwa kwenye mwendo. Siku ya pili tunasoma kwamba chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi, na hapo tunafunga jalada. Kupasuka nako kuna chanzo chake, na mara nyingine chanzo hicho kiliuzwa dukani mbele ya macho yetu.

Kwenye Hiace za abiria hali ni mbaya zaidi, na hapa naomba wamiliki wanisikilize. Tairi la Hiace ni la gari la mzigo, lenye ubavu mgumu: 195/80R15 107/105 LT, au lile lililoandikwa 195R15C. Alama ya 107 ni kilo 975. Mtu anayeokoa hela akafunga 205/70R15 la gari dogo, lenye alama ya 96, amefunga tairi la kilo 710. Rimu 15 zote mbili! Kila tairi limepungukiwa kilo 265, na ndani kuna wanafunzi, wafanyabiashara wa soko, na mama aliyepakata mtoto. Abiria hana namna ya kujua. Mwenye gari ndiye anayejua, na kama hajui, ni wajibu wake kujua.

Wapo pia wanaopenda kunyanyua gari kwa sababu ya barabara zetu, wakaweka tairi kubwa zaidi. Nawaelewa, mashimo yapo. Ila 205/70R15 badala ya 195/65R15 inaongeza kipenyo kwa zaidi ya milimita 33, zaidi ya asilimia 5. Kama mshale wako ulikuwa unasema kweli, sasa ukionyesha 50 wewe uko karibu na 53, na tochi ya trafiki itasoma hiyo 53. Breki nazo zina kazi zaidi, na ukikata usukani hadi mwisho tairi linaweza kukwaruza fenda. Mafundi wengi duniani hawavuki asilimia 3 ya tofauti ya kipenyo, na ukibadilisha rimu unaweza kubaki humo ukipiga hesabu: 205/55R16 inapishana na 195/65R15 kwa chini ya milimita 3.

Wenye Subaru Forester na magari mengine yanayosukuma magurudumu yote manne wasikubali kabisa kuwekewa mawili ya saizi nyingine nyuma. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa katika umbali uleule, kwa hiyo difu ya kati inafanya kazi ya kusawazisha hata barabara ikiwa imenyooka. Baadaye utaona gari linagoma ukikata kona kali kwenye maegesho, kama mtu amelishikia breki. Hapo bei ya yale matairi mawili uliyodhani umeiokoa imeshaondoka mara nyingi.

Tulifikaje huku? Sehemu ya jibu ni kwamba matairi yetu yanatoka kila kona ya dunia. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama kuzalisha zaidi ya miaka kumi iliyopita, na jirani zetu Nairobi walishuhudia Sameer Africa ikifunga kiwanda chake mwaka 2016. Kontena linaleta kilichopatikana, na duka linauza kilichopo. Magari nayo mengi yanatoka Japani, na kile kibandiko cha saizi kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, basi tunakipita. Lakini tarakimu ni zilezile tunazosoma sisi! Utaona 195/65R15, na pembeni yake 220 au 230, ambao ni upepo kwa kipimo cha kPa. 220 ni karibu 32 kwa ile mita ya fundi wetu. Huhitaji mkalimani.

Ninachoomba ni hiki. Kila anayenunua tairi, kuanzia leo, adai saizi nzima iandikwe kwenye risiti, pamoja na alama ya uzito. Tumeshazoea wito wa kudai risiti kila tunaponunua. Tuongeze mstari mmoja juu yake. Risiti ya EFD inayosema "tairi 2" haimsaidii mtu. Risiti inayosema "195/65R15 91H, 2" ni ushahidi: ukiuziwa 88 una cha kupeleka Tume ya Ushindani au TBS, na muuzaji anajua hivyo kabla hajanyanyua mkono kushusha tairi.

Kabla ya kwenda dukani, piga picha kile kibandiko kwa simu yako. Kama kimefutika kwa kuoshwaoshwa, angalia kitabu cha gari, au muulize fundi anayelijua toleo hilo, usikisie kwa tairi lililofungwa sasa. Huenda mwenye gari kabla yako alikosea.

Mafundi, ninyi ndio mlango wa mwisho. Fungua mlango wa dereva kabla hujapiga jeki. Ukiona saizi haifanani, mwambie mteja, hata kama tairi amelinunua kwa rafiki yako. Vyama vya madereva na wamiliki wa Hiace, mnunue kwa pamoja. Mtu mmoja akitafuta 195R15C ataambiwa haipo. Kituo chenye magari arobaini kikiagiza kwa mkupuo, mwagizaji atakiletea kontena. Na yule msanii anayewaandikia jina la njia ubavuni mwa gari, mwambieni aandike saizi ya tairi na upepo wake juu ya kila gurudumu, abiria na trafiki wasome.

Trafiki na LATRA, tunawaona mkikagua matairi vipara, na kazi hiyo ni njema. Ongezeni kuinama na kusoma namba. Shule za udereva zifundishe saizi ya tairi siku ileile zinapofundisha kubadilisha tairi, pamoja na habari ya spea ile nyembamba iliyoandikwa T, ambayo ni ya kukufikisha gereji bila kuvuka kilomita 80 kwa saa, wala si ya kutembelea wiki nzima.

Kuna atakayesema saizi sahihi ni ghali. Mara nyingine ni kweli, na sina jibu la kumfurahisha mwenye mfuko mwembamba, zaidi ya kumwomba anunue mawili sahihi ya ekseli moja mwezi huu na mawili mwezi ujao, kuliko manne yasiyo yake kwa siku moja. Mwenye gari la kusukuma magurudumu yote ajipange anunue yote kwa pamoja.

Ukifika dukani, sema kwa adabu: "Kaka, niandikie saizi nzima na ile namba ya uzito." Akikataa, mshukuru, mweleze ni kwa nini unaondoka, kisha ingia duka la jirani na useme vilevile.