Somo la Seli Lianzie kwenye Muhogo

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayefundishwa seli kwa mchoro wa ubaoni peke yake, akaunakili, akaupaka rangi na kuyakariri majina ya sehemu zake, aweza kupata alama zote za mtihani bila kuamini kwamba kitu hicho kimo mwilini mwake na katika chakula alichokula jana. Ufundishaji huo wafaa kuachwa, na lawama zisiishie kwenye uhaba wa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, kwani wilayani Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, zana ya kuanzia imejaa mashambani na katika ndoo za kina mama, nayo ni muhogo.

Wenyeji wa Buha, nchi ya Waha zilimo wilaya hizo, wanajua tangu zamani kwamba muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa siku kadhaa hadi ulainike, ndipo ukaanikwa na kusagwa. Sababu ya kuuloweka ni somo zima la seli, ambayo ndiyo sehemu ndogo kabisa iliyo hai inayojenga kila kiumbe. Ndani ya seli ya muhogo mna vakuoli, yaani kifuko cha majimaji, chenye kemikali iitwayo linamarini. Na kwenye ukuta wa seli kuna linamarasi, ambayo ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Seli ikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Ikipasuka, iwe kwa meno ya mnyama au kwa vijidudu vinavyozaana katika maji ya kulowekea, hukutana na kutoa sianidi, sumu kali ambayo mmea huitumia kujilinda. Lakini sumu hiyo ikitokea ndani ya ndoo, sehemu kubwa huishia majini na hewani kabla unga haujafika chunguni. Mwaka 1985 wilayani Tarime, ukame ulipowafanya watu kutegemea muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla. Mwanafunzi aliyeyafahamu hayo hana haja ya kuuliza ukuta wa seli na vakuoli vina kazi gani.

Basi mwalimu alete darasani kipande kibichi na kingine kilicholowekwa, wanafunzi wavibonyeze, waone kimoja kikikataa na cha pili kikididimia chini ya kidole gumba huku uzi wa katikati ukichomoka wenyewe, kisha wabishane ni nini kilichovunjika. Kuonja kupigwe marufuku. Mabishano hayo yaendeshwe kwa Kiswahili, hata kwa Kiha inapobidi, na majina ya Kiingereza ya mtihani yafuate baadaye, kwa kuwa jina lisilo na kitu nyuma yake husahaulika kabla ya likizo. Kipindi kinachofuata, vipande vya kiazi kitamu viwekwe katika maji matupu na katika maji yaliyokolezwa chumvi ya Uvinza. Baada ya saa moja hivi vile vya chumvi huwa vimelegea, kwa sababu maji yamepita kwenye utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, kwenda upande wenye chumvi nyingi, jambo liitwalo osimosisi. Hata Robert Hooke, Mwingereza aliyezipa seli jina hilo mwaka 1665, alianza na gome la mti linalotengenezewa vizibo, na alichokiona kilikuwa kuta tupu za seli zilizokwisha kufa.

Hadubini ije baada ya hapo. Shule isiyo nayo isingoje mgao, bali mkuu wa shule aandike barua kwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya kuomba saa moja maabara isipokuwa na foleni. Zahanati ndogo isisumbuliwe, kwa kuwa nyingi hupima malaria kwa kipimo cha haraka kisichohitaji hadubini. Wanafunzi waende na vitunguu vyao, ngozi nyembamba ya ndani ikibanduliwa na kutiwa tone la iodini ili kiini cha seli kionekane, maana damu ya wagonjwa si ya maonyesho.